Macho Yanayouma Mbele ya Laptopu

Kama uko jikoni, endelea na shughuli yako, ongeza tu sauti ya redio kidogo.

Leo nataka tuzungumze kuhusu macho, hususan macho yanayokaa saa nyingi mbele ya skrini ya laptopu. Najua kuna atakayesema, "Nesi, hayo ni mambo ya watu wa maofisi ya Nairobi." Sivyo, mama. Tangu shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, skrini zimeingia katika nyumba nyingi ambazo hapo awali hazikuwa nazo. Binti yako wa chuo anasomea kwa laptopu. Mwalimu anaingiza alama za wanafunzi kwa laptopu. Katibu wa chama anaandika hesabu humo. Tena kuna kina mama wengi siku hizi wanaofanya kazi za mtandaoni usiku, watoto wakishalala, na hiyo ndiyo inayolipa karo na kodi ya nyumba. Mama kama huyo hawezi kuambiwa tu, "Acha laptopu." Anahitaji kujua namna ya kuitumia bila kuumia, na pia kujua ni wakati gani maumivu ya kichwa si ya laptopu hata kidogo. Hilo la pili ndilo lililonifanya nichague mada hii, na nitalifikia.

Malalamiko ninayoyasikia kliniki hufanana. Macho yanawasha kana kwamba yameingia mchanga. Yanakuwa mekundu na yanatoa machozi. Ukiinua kichwa kutazama mlangoni, unaona ukungu kwa muda kabla ya kuona vizuri. Paji la uso linauma, shingo na mabega yamekaza. Ikifika saa nne za usiku maandishi yanaanza kucheza. Asubuhi umepata nafuu, lakini jioni mambo ni yale yale.

Nianze kwa kukutoa hofu. Skrini ya laptopu haipofushi. Macho kuchoka si ugonjwa wa kuharibu jicho, ni uchovu, kama vile miguu inavyochoka ukitembea hadi sokoni na kurudi. Lakini uchovu una sababu zake, na sababu hizo ukizijua utaziondoa nyingi bila kununua chochote.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ndogo iliyozungukwa na misuli. Ukitazama mlima ulio mbali, misuli hiyo hulegea. Ukitazama kitu cha karibu, hukaza ili lenzi inenepe uweze kuona vizuri, na wakati huo macho yote mawili hugeuka ndani kidogo kuelekea pua. Hebu chukua mtungi wa maji wa lita 20 uushike mbele ya kifua bila kuuweka chini. Dakika ya kwanza si kitu. Dakika ya kumi mikono inatetemeka. Ndivyo misuli ya macho inavyofanya kazi unapokodolea skrini kwa saa 3 bila kuinua kichwa.

Jambo la pili ni kupepesa. Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika, na kila akipepesa, machozi hupakwa juu ya jicho kama fundi anavyopaka mafuta kwenye mashine. Mbele ya skrini tunasahau kupepesa, na idadi hiyo inaweza kushuka hadi chini ya nusu. Wengine hupepesa nusu nusu, kope hazifungi kabisa. Jicho linakauka. Ndiyo sababu linawasha, na ndiyo sababu, hata kama inashangaza, linatoa machozi mengi: ni jicho kavu linalojaribu kujiokoa. Ukiongeza moshi wa kuni au jiko la makaa katika chumba hicho hicho, au feni inayopuliza usoni, jicho linateseka mara mbili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui, hata wauzaji wa laptopu wenyewe. Linahusu hizi skrini mpya zinazosifiwa kuwa na picha safi sana.

Picha ya kompyuta imeundwa kwa nukta ndogo ndogo, kama mkufu au mkanda wa shanga. Laptopu nyingi za zamani zilikuwa na nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, yaani kama milioni 1 kwa jumla. Nyingi za sasa zina 1920 kwa 1080, milioni 2. Zile za bei ya juu, ambazo huitwa 4K, zina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Na ukubwa wa kioo ni ule ule! Kwa hiyo kila shanga imekuwa ndogo zaidi. Sasa fikiri, mama: kama herufi moja imeshonwa kwa shanga 12 kwenda juu, ukibadilisha shanga kubwa ukaweka zilizo nusu yake, na bado ukashona kwa shanga 12, herufi itakuwa na nusu ya kimo chake. Hicho ndicho kinachotokea mtu akihama kutoka skrini ya 1920 kwenda ya 4K yenye upana ule ule, kama kompyuta haikupangwa ikuze maandishi.

Laptopu mpya kwa kawaida huja ikiwa imeshapangwa. Shida huwa zaidi kwa zile za mitumba, ambazo zimefutwa na kuwekewa programu upya, na kwa programu za zamani ambazo hazijui kukuza maandishi. Mtu anainunua, anafurahia picha, halafu anaanza kukunja uso. Anasogeza shingo mbele kama kobe. Macho yamekaribia skrini, misuli imekaza zaidi, kupepesa kumepungua zaidi. Baada ya wiki 2 anakuja kuniuliza kama laptopu ile ina miale mibaya. Haina miale mibaya. Ina maandishi madogo.

Tena tusizilaumu hizo nukta nyingi. Ukishakuza maandishi, skrini ya namna hiyo ni nzuri kwa macho kuliko ile ya zamani, kwa sababu kingo za herufi ni safi, hazina vijimeno.

Kuna namna mbili za kukuza, moja nzuri na moja mbaya. Ile mbaya ni kupunguza hesabu ya nukta, mathali kuiambia skrini ya 1920 ijifanye ya 1366. Herufi zitakuwa kubwa, ndiyo, lakini zitakuwa na ukungu, kwa sababu shanga zilizo kwenye kioo hazibadiliki. Jicho linalotazama ukungu hukaza bila kukoma likitafuta mahali palipo safi, na halipati. Ukipeleka laptopu kwa fundi akakufanyia hivyo, mwombe arudishe.

Namna nzuri ni kuacha nukta zilivyo na kuongeza asilimia. Kwa laptopu zinazotumia Windows, bonyeza kwa kitufe cha kulia mahali patupu kwenye skrini, fungua mipangilio ya skrini, kisha tafuta mahali penye asilimia. Utakuta 100, 125, 150, pengine hata 200. Jaribu 125 kwanza, kisha 150. Ukiwa kwenye intaneti, shikilia kitufe cha Ctrl halafu ubonyeze alama ya kujumlisha. Ukurasa utakua papo hapo. Kama wewe si mtu wa kompyuta, mwite kijana wako akufanyie, ni kazi ya dakika moja. Utajuaje kama zimetosha? Kaa wima, unyooshe mkono, ncha za vidole ziguse kioo. Ukiweza kusoma hapo bila kukunja uso na bila kuinama mbele, zimetosha. Ukijikuta unainama, ongeza. Wengine huona haya, wanasema maandishi makubwa ni ya wazee. Nani anakutazama saa tano za usiku?

Na tukitaja wazee, nikwambie pia kwamba kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na kuona karibu kunakuwa na shida. Unajikuta unasogeza Biblia mbali, au unamwomba mtoto akutilie uzi kwenye sindano. Hiyo si aibu wala si kosa la skrini. Ni umri, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Lakini usiokote tu miwani ya jirani. Nenda upimwe, kwa sababu anayepima ataangalia pia presha ya macho na mtoto wa jicho, ambavyo huanza polepole bila maumivu.

Upande wa chumba sina mengi. Usitumie laptopu gizani, skrini ikiwa ndiyo taa pekee. Washa taa nyingine hata kama ni ndogo. Dirisha liwe ubavuni, si nyuma yako wala mbele yako, ili mwanga usirudi machoni. Mwangaza wa skrini ulingane na wa chumba: ukiona skrini inang'aa kama taa ya gari, punguza. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Macho yanayotazama chini kidogo hufunikwa na kope zaidi, kwa hiyo hayakauki upesi. Kama una kibodi ya kando, inua laptopu juu ya vitabu na uandikie kibodi hiyo, shingo yako itakushukuru. Kama huna, meza ni bora kuliko mapaja na mapaja ni bora kuliko kulala kitandani nayo kifuani.

Halafu kuna mapumziko. Madaktari wa macho hufundisha hesabu rahisi ya ishirini tatu: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Nyumba nyingi hazina mita 6 kutoka ukuta hadi ukuta. Basi tazama nje dirishani, au fungua mlango utazame taa ya jirani. Ukiwa hapo, pepesa macho mara kumi polepole, ukifunga kope kabisa. Mama anayenyonyesha ana saa yake tayari: mtoto akiamka, laptopu inafungwa, umtazame yeye usoni badala ya skrini. Baada ya saa 2, simama, chota maji, tembea hadi uani.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu miwani ile inayouzwa kwa kusemekana inazuia mwanga wa buluu. Mwaka 2023 wataalamu wa shirika la Cochrane walikusanya tafiti zilizokuwepo wakazipima, na wakaona kwamba kwa muda mfupi miwani hiyo huenda isipunguze uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Kama unayo, haitakudhuru. Kama bado hujainunua, weka pesa zako kwenye kupimwa macho. Mwangaza mkali usiku unaweza kukuchelewesha kupata usingizi, hilo ni kweli, lakini dawa yake ni kupunguza mwangaza na kufunga laptopu mapema, si miwani.

Sasa, mama, sogea karibu na redio. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Siku moja alikuja kliniki mama mwenye mimba ya wiki 34. Hakuja kwa siku yake ya kliniki. Alikuja kuomba dawa ya macho. Alikuwa akichapa maandishi kwenye laptopu kila usiku ili apate pesa kabla ya kujifungua. Alisema kichwa kimemuuma siku 3, macho yanaona ukungu na wakati mwingine vimulimuli, na dada yake amemwambia ni skrini. Hata alikuwa amepunguza mwangaza na kununua miwani barabarani. Maelezo yake yalikuwa mazuri kabisa, mtu yeyote angeyakubali. Lakini kila mama mjamzito anayelalamika kichwa na macho hupimwa presha kwanza, hata kama amekuja kwa jambo lingine. Presha yake ilikuwa 160 kwa 110. Mkojo ulikuwa na protini. Vidole vilikuwa vimevimba hadi pete haikutoka. Hayo hayakuwa macho ya laptopu, ilikuwa dalili ya hatari ya mimba, ile inayoweza kuleta kifafa cha mimba na kumuua mama pamoja na mtoto. Alipewa dawa, akapelekwa hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo, akazalishwa. Yeye na mwanawe wako hai. Kama angepata tu matone ya macho dukani na kurudi kwenye laptopu, nisingekuwa na hadithi ya kuwaeleza, au ningekuwa na nyingine.

Kwa hiyo ukiwa mjamzito, hasa ukishapita wiki 20, na hata wiki chache za kwanza baada ya kujifungua, kichwa kinachouma sana pamoja na kuona ukungu au vimulimuli usikihesabu kuwa cha skrini. Vivyo hivyo kuvimba uso na mikono, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Usingoje asubuhi, usingoje mume arudi. Nenda kituo cha afya upimwe presha. Kuanzia 140 kwa 90 kwenda juu si kawaida kwa mjamzito. Ikiwa una mkwe au dada mjamzito nyumbani, wewe unayesikiliza ndiwe utakayemwambia.

Kuna wengine pia wasiodanganywe na laptopu. Mtu anayeona ukungu unaokuja na kuondoka, ana kiu sana na anakojoa mara kwa mara, apimwe sukari. Anayepoteza kuona ghafla jicho moja, anayeona kama pazia limeshuka, au mwenye jicho jekundu linalouma sana na kumfanya atapike, huyo ni wa hospitali leo, si kesho. Na anayemeza dawa za maumivu karibu kila siku kwa sababu ya kichwa, ajue kwamba dawa hizo zikizidi siku 15 kwa mwezi zinaweza zenyewe kuleta maumivu ya kichwa.

Kuhusu watoto. Mtoto hatakuambia macho yamechoka. Hajui macho yanayopumzika yakoje. Utaona anafikicha macho, anainamisha kichwa upande, anafunga jicho moja, anasogea hadi pua iguse kitabu, au mwalimu anasema hanakili kilicho ubaoni. Huyo apimwe. Kinachosaidia kumkinga mtoto asipate shida ya kutoona mbali ni kucheza nje kwenye mwanga wa mchana, kama saa 2 kwa siku zikipatikana. Kwa hiyo mtoto akikimbia uani na kuchafua nguo, kumbuka anajenga macho. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka 1 asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Najua simu ndiyo yaya wa nyumba nyingi wakati ugali uko motoni. Hata nusu saa ikipungua ni faida.

Kitu kimoja hakihusu skrini lakini siwezi kukipita: ukiona weupe ndani ya mboni ya jicho la mtoto, au kwenye picha jicho moja linang'aa jeupe na lingine jekundu, au kengeza limeanza, mpeleke hospitali mara moja. Huenda ni saratani ya jicho, na ikigunduliwa mapema hutibika.

Mwisho ni dawa. Maziwa ya mama, maji ya majani chai, mate, asali, mitishamba, vyote hivyo visitiwe machoni. Vinaingiza viini. Na matone ya dukani yasinunuliwe kwa kuangalia rangi ya chupa. Yapo yaliyo na dawa ya steroidi. Ukitia, wekundu unaondoka siku hiyo hiyo na unafurahi, lakini yakitumiwa kwa muda bila daktari yanaweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Upofu wa presha ya macho haurudi. Kwa jicho kavu kuna matone ya machozi ya kutengenezwa, hayo hayana hatari hiyo. Mwambie muuza dawa unataka yasiyo na steroidi, na akishindwa kukujibu, nenda kwingine. Karoti na sukuma wiki endelea kupika, ni chakula kizuri, ila haviwezi kupumzisha misuli iliyokazwa saa 5.

Ukienda kupimwa, beba miwani yako ya zamani, orodha ya dawa unazomeza, na umweleze anayekupima unakaa saa ngapi mbele ya laptopu na kwa umbali gani. Pima umbali huo kwa mkono kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu miwani ya kusomea kitabu na ya kutazama laptopu huenda zisiwe na nguvu sawa.

Juma lijalo, saa kama hizi, tutazungumza kuhusu mtoto anayeharisha na namna ya kumchanganyia maji ya chumvichumvi. Uwe na kikombe na kijiko karibu. Kwaheri kwa sasa.